Wizara ya Fedha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila bajeti ya taifa inapozungumzwa: vikaoni, madarasani, na kwa wazabuni wanaosubiri kulipwa. Yameanza na ya msingi na kuishia na yale yanayowapata wachache. Si lazima uyasome kwa mfuatano. Ukiwa na haraka, anza na swali la 6.

## Mambo ya msingi

1. Wizara ya Fedha inafanya nini hasa?

Inakadiria serikali itapata kiasi gani, inakigawa kiasi hicho kwa wizara na taasisi, inakopa pale mapato yasipotosha, inatoa fedha kwa awamu, kisha inafunga hesabu na kuzipeleka kwa mkaguzi.

Wizara ya Afya inaendesha hospitali, ya Elimu shule, ya Ujenzi barabara. Wizara ya Fedha haiendeshi kitu ambacho mwananchi anakiona kwa macho, ndiyo maana wengi huisikia siku ya hotuba ya bajeti na kuisahau kesho yake. Lakini dawa zikikosekana zahanati, barabara ikisimama katikati, au mwalimu mpya akikaa miezi bila mshahara, ukiufuata uzi mara nyingi utaishia kwenye meza za wizara hii.

2. Hazina na Wizara ya Fedha ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo ya kawaida, ndiyo. Kwa undani, Hazina ni ule upande unaoshika mfuko wenyewe: akaunti kuu ya serikali iliyoko Benki Kuu, ambamo mapato huingia na ambamo hakuna senti inayopaswa kutoka bila idhini ya kisheria. Wizara ni taasisi nzima, pamoja na watunga sera za kodi, wachumi na idara ya madeni.

Ziko nchi zilizogawa kazi hizi. Australia imetenganisha Hazina na Idara ya Fedha tangu 1976. Marekani ina Hazina iliyoanza 1789 chini ya Alexander Hamilton, lakini bajeti ya rais huandaliwa na ofisi nyingine iliyo chini ya Ikulu. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu kwa fungu lililokatwa, ulizia kwanza kalamu ya bajeti katika nchi hiyo iko mikononi mwa nani.

3. Ina tofauti gani na Benki Kuu?

Wizara inashughulika na kodi, matumizi na deni. Benki Kuu inashughulika na sarafu, riba na usalama wa mabenki. Zinachanganywa kwa sababu Benki Kuu ndiyo benki ya serikali: inamtunzia akaunti mteja wake huyo na mara nyingi inauza hati fungani (hati za mkopo ambazo serikali huahidi kuzilipa pamoja na riba) kwa niaba yake.

Utengano huu una sababu. Waziri anayekaribia uchaguzi hutamani riba ishuke hata kama bei zinapanda. Mei 1997, siku chache tu baada ya kuingia ofisini, waziri wa fedha wa Uingereza Gordon Brown aliikabidhi Benki Kuu ya nchi hiyo mamlaka ya kupanga riba. Alijiondolea mwenyewe chombo ambacho mawaziri waliomtangulia walikishika kwa mikono miwili.

4. Serikali ikikosa fedha, kwa nini isichapishe noti?

Kwa sababu noti zikiongezeka na bidhaa zikabaki zilezile, kinachoongezeka ni bei. Zimbabwe ilifikia kutoa noti ya dola trilioni 100 Januari 2009, na kabla mwaka huo haujafika nusu sarafu hiyo ilikuwa imeachwa, watu wanatumia fedha za kigeni. Anayeumia kwanza ni mwenye mshahara na mwenye akiba. Mfumuko wa bei wa namna hiyo ni kodi ambayo bunge halikuipitisha, na maskini hana pa kuikimbilia.

## Bajeti na safari ya fedha

5. Nani anaamua wizara gani ipate kiasi gani?

Kwenye karatasi, bunge. Kwa kweli, sehemu kubwa huamuliwa miezi kadhaa kabla, pale Wizara ya Fedha inapotoa ukomo wa bajeti: kila wizara inaambiwa isivuke kiasi fulani. Yanayofuata ni majadiliano ndani ya ukomo huo. Mishahara na malipo ya deni hutengwa kwanza kwa kuwa haviahirishwi, na kinachobaki ndicho kinachogombaniwa. Anayetaka kushawishi bajeti kwa kusubiri hotuba ya waziri amechelewa. Siku hiyo chakula kimekwisha kupakuliwa.

6. Bajeti imepitishwa, mbona fedha hazijafika?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote. Jibu lake limo kwenye vitenzi vinne ambavyo watu huvitumia kana kwamba ni kimoja: fedha *kutengwa*, *kuidhinishwa*, *kutolewa* na *kutumika*. Kutengwa ni makadirio. Kuidhinishwa ni ruhusa ya bunge. Kutolewa ni Hazina kuzihamisha kweli kutoka mfuko mkuu. Kutumika ni mzabuni au mtumishi kulipwa. Bajeti iliyopitishwa ni ruhusa ya kutumia, si fedha. Fedha zenyewe bado ziko mifukoni mwa walipa kodi wa miezi ijayo na kwenye mikopo ambayo haijasainiwa.

Chukua fungu la dawa la hospitali moja. Tuseme bunge limeidhinisha 120 kwa mwaka (chukulia ni mamilioni ya sarafu yoyote), na mganga mkuu anategemea 10 kila mwezi. Mwezi wa kwanza makusanyo ni madogo, kwa kuwa kampuni hulipa kodi zao kubwa kwa awamu, na awamu bado haijafika. Hazina inalipa deni, inalipa mishahara, inatazama kilichobaki, na hospitali inapata 6. Mwezi wa pili haipati kitu. Mwezi wa tatu makusanyo yanapanda, zinashuka 15 kwa mpigo, nazo zote zinakwenda kulipa dawa zilizochukuliwa kwa mkopo. Hadi robo mwaka inaisha, hospitali imepokea 21 badala ya 30, na hakuna sheria yoyote iliyovunjwa.

Hasara haiishii kwenye hizo 9. Mzabuni aliyesubiri siku tisini amekopa benki ili biashara yake isife. Zabuni ijayo ataiongeza bei ili kufidia riba, na hatakosea. Mwaka unaofuata 120 zilezile zinanunua vidonge vichache zaidi. Mgonjwa analipia ucheleweshaji ambao haumo kwenye kitabu chochote cha bajeti.

Nimekaa kwenye vikao ambako mbunge na mganga mkuu wanabishana saa nzima na wote wanasema kweli: mmoja ameshika kitabu cha bajeti, mwenzake ameshika taarifa ya benki. Ukiambiwa fedha zimetengwa, shukuru, kisha uliza: zimetolewa kiasi gani, na lini?

Wizara nzuri ya Fedha inajulikana hapa. Inaandaa mpango wa mtiririko wa fedha wa mwaka mzima, inawaambia wizara mapema watapata nini kila robo, na kama mapato yamepungua inakata bajeti waziwazi kwa bajeti ya nyongeza (marekebisho ya bajeti yanayopelekwa bungeni katikati ya mwaka), badala ya kuacha kila kitu kwenye karatasi na kutoa kidogokidogo. Wizara dhaifu hugawa kwa kumsikiliza aliyepiga simu mara nyingi zaidi.

7. Kwa nini ofisi za serikali hununua vitu haraka haraka mwisho wa mwaka wa fedha?

Kwa sababu katika mifumo mingi fedha zisizotumika hadi siku ya mwisho hurudi Hazina, na fungu lililobakiza hukatwa mwaka unaofuata. Mkuu wa ofisi akipokea mgao wa miezi mitatu wiki mbili kabla ya mwaka kufungwa (soma swali la 6), atanunua kinachopatikana, si kinachohitajika. Baadhi ya nchi huruhusu sehemu ya fedha za miradi kuvuka mwaka. Inasaidia, mradi mgao wenyewe uje kwa wakati.

8. Mbona mwaka wa fedha hauanzi tarehe moja kila mahali?

Ni historia na urahisi tu. Ufaransa na China huanza 1 Januari, Uingereza na India 1 Aprili, nchi nyingi za Afrika Mashariki 1 Julai. Marekani ilihama kutoka Julai kwenda 1 Oktoba mwaka 1976 ili bunge lake lipate muda zaidi wa kujadili.

9. Bunge lisipoipitisha bajeti kwa wakati, serikali inasimama?

Inategemea sheria. Marekani, ndiyo, kwa sehemu: kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 shughuli nyingi za serikali kuu zilifungwa kwa siku 35, na watumishi wapatao 800,000 hawakulipwa kwa wakati. Ubelgiji ilikaa siku 541 bila serikali kamili mwaka 2010 na 2011 na mishahara ikaendelea, kwa kuwa sheria yake inaruhusu kutumia kila mwezi sehemu moja ya kumi na mbili ya bajeti iliyopita. Nadhani mfumo wa pili una utu zaidi. Muuguzi asiadhibiwe kwa ugomvi wa wanasiasa.

## Kodi

10. Wizara ndiyo inayokusanya kodi?

Mara nyingi siyo yenyewe. Wizara inapendekeza kodi na viwango, bunge linavipitisha, na mamlaka ya mapato inakusanya. Kwa hiyo kama malalamiko yako ni makadirio makubwa kuliko biashara yako, nenda kwa mamlaka ya mapato na mabaraza ya rufaa za kodi. Kama ni kiwango chenyewe, mlango ni wizara na bunge.

11. Kodi ikipunguzwa si kila mtu anafaidika?

Huenda, kama imejulikana pengo litazibwa na nini. Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wa fedha wa Uingereza Kwasi Kwarteng alitangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 kwa mwaka bila kuonyesha litalipiwa vipi, na bila makadirio ya chombo huru cha bajeti. Wanunuzi wa hati fungani waliogopa, riba za mikopo ya serikali zikaruka, mifuko ya pensheni ikatikisika, na ndani ya siku tano Benki Kuu ikalazimika kuingia sokoni kununua hati hizo. Tarehe 14 Oktoba waziri aliondolewa, na siku sita baadaye Waziri Mkuu Liz Truss akatangaza kujiuzulu. Wenye mikopo ya nyumba waliobaki na riba za juu hawakuulizwa.

Haina maana kwamba kodi isishushwe kamwe. Maana yake ni kwamba anayekukopesha anasoma bajeti yako kwa makini kuliko wapiga kura wako.

12. Misamaha ya kodi inahesabiwa kama matumizi?

Inapaswa. Fedha ambayo serikali imeamua kutoikusanya kutoka kwa kampuni fulani ina uzito uleule na fedha iliyokusanywa kisha ikagawiwa kampuni hiyo. Tofauti ni kwamba ruzuku hujadiliwa kila mwaka bungeni, ilhali msamaha ukishaandikwa huweza kuishi miaka ishirini bila mtu kuugusa. Tafuta kama nchi yako huchapisha orodha ya misamaha na thamani yake. Isipochapisha, hilo pekee ni swali la kupeleka bungeni.

## Deni la taifa

13. Deni kubwa ni dalili ya nchi kuharibika?

Ukubwa peke yake hausemi mengi. Japani ina deni linalozidi mara mbili ya pato lake la mwaka na inaendelea kulipa. Zambia, kwa kipimo hicho hicho, ilikuwa na deni dogo kuliko la Japani, ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hati fungani zake Novemba 2020.

Tazama mambo matatu. Kwanza, sarafu: Japani inadaiwa kwa yeni, sehemu kubwa na taasisi zake za ndani. Anayedaiwa kwa dola huona deni likikua kila sarafu yake inaposhuka, hata kama hajakopa senti mpya. Pili, muda: mkopo wa miaka 30 wenye riba nafuu si sawa na wa miaka saba unaoiva wote kwa siku moja. Tatu, matumizi: bwawa la umeme linaweza kujilipa, posho za vikao haziwezi. Halafu pima sehemu ya mapato inayokwenda kulipa deni. Hiyo ndiyo fedha inayotoka kabla hospitali ya swali la 6 haijafikiriwa.

14. Nani ana mamlaka ya kukopa kwa niaba ya taifa?

Kwa kawaida ni waziri wa fedha peke yake, ndani ya mipaka iliyowekwa na bunge. Mipaka hiyo ikipuuzwa, gharama yake ni kubwa. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za umma za Msumbiji zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali iliyosainiwa na waziri wa fedha wa wakati huo, Manuel Chang, bila idhini ya bunge, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo ikafichwa. Ilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili walisitisha misaada ya bajeti, sarafu ikaporomoka, na wananchi ambao hawakuwahi kusikia jina la kampuni hizo wakabeba mzigo. Chang alitiwa hatiani na mahakama ya New York Agosti 2024.

Angalia neno *dhamana* hapo. Serikali haikukopa moja kwa moja. Iliahidi kulipa kama kampuni zikishindwa, nazo zikashindwa. Taarifa ya deni isiyoonyesha dhamana inaonyesha nusu ya nyumba.

15. Nchi inaweza kufilisika?

Haiwezi kuuzwa kama duka. Hakuna mahakama ya kuifunga nchi. Kinachotokea ni kushindwa kulipa kwa tarehe, kama Sri Lanka Aprili 2022 na Ghana Desemba 2022, kisha miaka ya mazungumzo na wakopeshaji. Serikali zinazokopesha hukutana tangu 1956 katika Klabu ya Paris, lakini leo wakopeshaji ni wengi zaidi, na mpango wa pamoja wa kupanga upya madeni, uliowekwa mwaka 2020 na G20 (kundi la nchi zenye uchumi mkubwa), umeonekana kwenda polepole. Kwa mwananchi, wakati huo maana yake ni bidhaa za nje adimu, mishahara isiyoongezeka na miradi iliyosimama.

## Uwajibikaji

16. Nani anaikagua Wizara ya Fedha yenyewe?

Mkaguzi mkuu wa hesabu, ambaye anapaswa kuwajibika kwa bunge na si kwa waziri. Taarifa yake huenda kwenye kamati ya hesabu za serikali. Ya Uingereza, iliyoanzishwa 1861 Gladstone akiwa waziri wa fedha, imeigwa na nchi nyingi, na kwa desturi mwenyekiti wake hutoka upinzani. Ukaguzi huja baada ya fedha kutumika, kwa hiyo usiutegemee kuzuia. Unasaidia pale hoja za mwaka jana zinapofuatwa mwaka huu.

17. Mtu wa kawaida anaweza kufuatilia?

Anaweza, akipewa tarakimu. Mfano ninaoupenda ni wa Uganda. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kuwa, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku ya wanafunzi iliyotolewa na serikali kuu ilifika kwenye shule za msingi. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Sehemu inayofika ikapanda sana katika miaka iliyofuata. Mzazi aliyesimama mbele ya ubao, na gazeti mkononi, alikuwa na swali ambalo mkuu wa shule hakuweza kulikwepa.

Tafuta taarifa za utekelezaji za kila robo mwaka, si kitabu cha bajeti pekee. Linganisha safu ya fedha zilizoidhinishwa na ya zilizotolewa.

## Hali za pekee

18. Kwa nchi isiyo na sarafu yake, wizara inabaki na kazi gani?

Kubwa kuliko kawaida. Ekwado inatumia dola ya Marekani tangu 2000, na nchi za ukanda wa yuro hazipangi riba kila moja kivyake. Mshtuko ukija, hakuna kushusha sarafu wala riba. Kinachobaki ni kodi, matumizi na akiba. Wizara ya namna hiyo inahitaji mfuko wa akiba mapema.

19. Mapato ya mafuta au madini yakija ghafla, yatumike yote?

Norwe inaweka mapato ya mafuta kwenye mfuko ulioanzishwa kisheria 1990, na tangu 2017 kanuni yake inalenga kutumia takriban asilimia 3 ya thamani ya mfuko kwa mwaka. Bei ya mafuta hupanda na kushuka. Mshahara ukishapandishwa haushuki.

20. Kwa nini hatua za kodi hufichwa hadi siku ya hotuba?

Kwa sababu anayejua mapema ushuru wa bidhaa fulani unapanda anaweza kuijaza kwenye ghala leo. Mwaka 1947 waziri wa fedha wa Uingereza Hugh Dalton alimdokezea mwandishi wa habari hatua za kodi akiwa anaingia bungeni kuzisoma, na akajiuzulu. Usiri huo ni wa viwango vya kodi tu. Mipango ya matumizi haina sababu ya kufichwa.

21. Niliihudumia taasisi ya serikali miaka kadhaa iliyopita na sijalipwa. Nifanye nini?

Deni lako ni mojawapo ya malimbikizo (madeni ambayo serikali haikuyalipa kwa wakati), na hujakosea kulidai. Anza na taasisi uliyoihudumia, si Wizara ya Fedha: wao ndio wanaopaswa kuliingiza kwenye orodha ya madeni yao. Omba kwa maandishi wakuthibitishie kuwa limo. Baada ya hapo huja uhakiki, ambapo wakaguzi wa Hazina hupitia nyaraka moja moja na kukata yasiyo na ushahidi.

Watatafuta vitu vitatu: hati ya agizo iliyotolewa *kabla* hujapeleka mzigo, ankara, na hati ya kupokelea yenye sahihi na mhuri wa aliyepokea. Hati ya kupokelea ndiyo inayoangusha wengi, kwa kuwa dereva alishusha mzigo jioni, mlinzi akapokea, na hakuna aliyesaini. Kama huna, mtafute aliyekuwa mtunza stoo wakati ule, hata kama amehamishwa, na umwombe nakala ya ukurasa wa leja ulioandikwa mzigo wako siku ulipoingia. Nakala iwe na mhuri wa taasisi. Nakala hiyo ya kwanza, yenye mhuri wa asili, baki nayo wewe.